Yoga ukishavuka sitini, kazi ipo kwenye kushuka na kuinuka

Wenzangu wa rika langu wakisikia naenda yoga swali ni lile lile, eti we unaweza kuweka mguu shingoni? Siwezi na sina mpango huo. Shida ni hizi picha, kila ikifika Juni 21, siku ya yoga duniani, ilianza kuadhimishwa 2015, simu zinajaa vijana wamesimama kwa vichwa ufukweni, basi mtu wa miaka sitini na kitu ama anaona hayamhusu kabisa ama anataka kuanza na hiyo hiyo ya kichwa.

Kwa umri wetu mi naona hatari sio kujinyoosha, hatari ni sakafu. Yani kule kushuka chini na kuinuka. Darasa zima mmelala chali, mmetulia, mara mnaambiwa simameni, vijana hao wameshasimama, wewe una kidonge cha presha umemeza asubuhi unanyanyuka ghafla damu haijafika kichwani, macho yanaingia giza, na chini ni tailizi. Hapo ndo watu wanavunjika nyonga.

Kwahiyo jifunze kuinuka kabla hujajifunza pozi lolote. Geukia ubavu kwanza, tulia hapo hapo, sukuma kwa mikono mpaka ukae, kisha piga magoti, shika kiti, tanguliza mguu wenye nguvu, inuka, na ukishasimama usiondoke, pumua kidogo bado umeshika kiti. Kushuka ni hivo hivo kinyumenyume. Mwalimu wangu ni wa rika la kitinda mimba wangu, akiniambia mama pole pole namjibu mwanangu polepole ndo gia pekee niliyobaki nayo hahaha.

Na kiti sio aibu jamani. Huku pwani hili tunalijua siku nyingi, anaeswali faradhi zake tano ana rakaa 17 kwa siku, kila rakaa sijda mbili, hiyo ni mara 34 paji la uso linagusa chini, na bado mzee goti likigoma anavuta kiti anaswali amekaa na hakuna anaemcheka. Sasa kwenye yoga haya ya nini? Hata B.K.S. Iyengar, yule mwalimu mkubwa wa India, kazaliwa 1918 kafariki 2014 ana miaka 95, utotoni alikua mgonjwa mgonjwa sana, malaria, taifodi, TB, na ndo huyo huyo aliesambaza mtindo wa kutumia viti, mikanda, kamba na vipande vya mbao ili hata mwili usiofika mbali nao ufanye. (Na wale wanaosema yoga ni dini ya watu nawasikia, mi nafanya viungo na pumzi, nyimbo siimbi, mwalimu anajua na hajawahi kunisumbua.)

Ila kiti kiwe cha mbao au chuma, kiegemee ukuta, sio vile vya plastiki vya shughulini, vile miguu inapinda na kwenye tailizi vinateleza. Soksi pia vua. Mkanda usinunue, kanga ukiikunja ukaipitisha kwenye unyayo inatosha, na nyingine weka chini ya magoti.

Magonjwa yako mwambie mwalimu kabla ya darasa na daktari wako ajue unafanya nini, usione aibu. Mwenye presha asikae na kichwa chini ya moyo, na pumzi usibane, wakisema shikilia pumzi wewe endelea kupumua zako. Mwenye glakoma ndo zaidi, maana kichwa kikiwa chini presha ya macho inapanda, hata lile pozi la mikono chini makalio juu ambalo watu wanaliona jepesi nalo limo. Mifupa ikishapungua nguvu, na sisi akina mama tukishakoma hedhi ndo inatukuta sana, usiiname kwa kukunja mgongo ukilazimisha kushika vidole vya miguu na usijisokote kwa nguvu, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika hata hujaanguka. Aliebadilishwa nyonga asikae kukunja nne mpaka aliempasua aseme sawa. Na mwenye sukari iliyoleta ganzi miguuni afanye karibu na ukuta kisha akague nyayo, maana anaweza kukanyaga kitu asisikie.

Lile pozi la mti, la mguu mmoja, mkono mmoja uwe ukutani na unyayo uweke kwenye kifundo, usiukandamize kwenye goti. Msuli ukivuta kidogo ni sawa, lakini kikichoma ndani ya maungio acha hapo hapo hata kama mwalimu bado anahesabu.

Ukitafuta darasa usiulize bei kwanza, uliza nisipoweza kushuka chini nafanyaje. Akianza kukupangia kiti na ukuta kaa, akikwambia utazoea tu mama, chukua kanga zako utafute kwingine. Na usiende umetoka kula, masaa mawili matatu yapite, isipokua kama unachoma insulini, hapo usikae na njaa, panga na daktari wako ule nini na saa ngapi.