Gaini Kwanza, Kompresa Baadaye

Mbukwenyi! Wadogo zangu wanaofungua studio hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu mpaka Ihumwa, huniuliza swali lilelile: kompresa, yaani kifaa kinachobana sauti inapopanda sana, niiweke namba ngapi? Nami huwauliza: gaini, nobu ya nguvu ya sauti inayoingia, umeiweka wapi? Kwenye mashine ya tyubu (taa ya kioo inayokuza sauti) yenye priampu, yaani kikuzaji cha sauti ya maiki, na kompresa ndani ya boksi moja, kazi kubwa imeshafanyika kabla sauti haijaifikia kompresa.

Iwashe mapema, ipate moto kama nusu saa kabla ya kurekodi. Shusha autiputi ndipo ubonyeze swichi ya volti 48 inayopeleka umeme kwenye maiki, na uibonyeze kwa maiki ya kondensa tu, ile inayohitaji umeme huo. Maiki kama SM58 haihitaji, na maiki ya riboni inaweza kuungua. Kama mashine imetoka Marekani, soma kwanza nyuma inataka volti ngapi. Ya 120 ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230, umeiua.

Sasa zile nobu mbili. Gaini inaamua sauti iingie kwenye tyubu kwa nguvu gani, autiputi inaamua itoke kwa nguvu gani kwenda kwenye kompyuta. Ukipandisha gaini na kushusha autiputi, tyubu inasukumwa, inaongeza juu ya sauti vivuli vyake, hasa oktavu ya juu, na sauti inashiba. Ukifanya kinyume, unapata sauti safi. Sauti nyembamba ya mwimbaji mmoja wa kwaya naisukuma kidogo. Ilimba, ala ya Wagogo yenye vyuma vya kupigwa kwa vidole, siisukumi kamwe. Ina mvumo wake tayari: mafundi hutoboa tundu kwenye boksi na kuliziba kwa utando wa buibui, vyuma vikilia utando unatetemeka. Ukiongeza na wa tyubu juu yake, vyote vinageuka kelele. Na ujue kwamba mashine nyingi za bei ya chini zinaipa tyubu volti ndogo sana, nguvu yenyewe inatoka kwenye transista. Hizo ukizisukuma zinakwaruza tu.

Gaini usiipime kwa "haloo, moja mbili". Mtu akijaribu maiki huimba nusu ya pumzi yake. Mwambie aimbe pale anapopaza zaidi, kwa sababu kiongozi wa wimbo wa Kigogo anaweza kuruka ghafla hadi sauti ya juu kabisa bila kukuaga. Hapo ndipo upime, kilele kiishie karibu na desibeli -12 kwenye kompyuta, ambako sifuri ndiyo mwisho kabla sauti haijapasuka. Ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kukimbilia sifuri. Kama gaini iko chini kabisa na bado sauti inapasuka, bonyeza swichi ya kupunguza desibeli 20, au msogeze mwimbaji nyuma. Kumsogeza ni bure, na mara nyingi inatosha.

Kuna akina mama wa ngoma ya muheme kutoka upande wa Chamwino walikuja na flashi, kazi waliyorekodi kwingine. Mmoja wao akaniambia, "Mwanangu, sikiliza. Tunapiga kwa nguvu, lakini humu tunasikika kama tumechoka." Alikuwa sahihi. Ngoma ile wanaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na utamu wake uko pale kiganja kinapogusa ngozi. Kompresa ilikuwa imewekwa ataki (kasi ya kuanza kubana) ya haraka mno, kila kofi likakandamizwa kabla halijasikika. Rilizi, muda wa kuachia, nayo ilikuwa ndefu, hivyo kila pigo lilizamisha sauti za waimbaji, na kabla hazijainuka pigo jingine linakuja.

Tulirekodi upya. Nilizipa ngoma maiki zake na waimbaji zao. Kwenye maiki ya waimbaji niliwasha kichujio cha hezi 80 kinachokata sauti nzito, uzito wa ngoma usiiamrishe kompresa. Ataki niliipeleka kwenye milisekunde 30, kofi lipite kwanza ndipo mashine ishike. Uwiano nikauacha 2 kwa 1: sauti ikivuka kizingiti, kiwango ambapo kompresa inaanza kubana, kwa desibeli 4, zinatoka 2. Kizingiti nilikishusha polepole nikiangalia mshale unaoonyesha kompresa inabana kiasi gani, mpaka ukawa unacheza desibeli 2 au 3 kwenye sehemu kali tu, na kwenye sehemu za chini umetulia. Rilizi niliitafuta kwa mdundo wao: mshale urudi sifuri kabla ya pigo linalofuata. Yule mama alipovaa hedifoni, alianza kutikisa mabega kabla wimbo haujafika katikati.

Kilichokandamizwa wakati wa kurekodi hakifunguki tena, na hilo ndilo linalonifanya niisihi mikono yenu itulie. Sauti ikishabanwa, ipandishe kwa ile nobu ya mwisho mpaka ilingane na ilivyokuwa bila kompresa, kisha zima kompresa na uiwashe, ukisikiliza. Msilinganishe wakati moja iko juu zaidi, sikio litaichagua hiyo kila mara. Zikiwa sawa na bado husikii faida yoyote, rekodi bila kompresa. Ya kwenye kompyuta utaiweka baadaye, na usipoipenda utaiondoa.