Taulo Yangu Umeipeleka Wapi?

"Binti, taulo yangu umeipeleka wapi?"

Mama yule, mgeni wa hoteli yetu, alisimama mlangoni mwa chumba chake, miwani imemshukia puani, kadi ya kijani mkononi. Kadi hiyo nilikuwa naipanga mwenyewe kando ya sinki kila asubuhi: ukiitundika taulo, maana yake utaitumia tena, ukiiacha sakafuni, tutakubadilishia. Yeye alikuwa ameitundika, tena kwa adabu, pembe kwa pembe. Mimi nikaivuta pamoja na nyingine zote nikaitupia kwenye kitoroli.

"Samahani mama, nakuletea nyingine sasa hivi."

"Nyingine ya nini? Ile ilikuwa safi."

Kesho yake nilizikuta taulo zote nne sakafuni, pamoja na mbili ambazo hata hazikuguswa maji. Kiyoyozi kinanguruma, chumba hakina mtu.

Nilikuwa mhudumu wa vyumba kwa miaka sita, na tukio hilo nalikumbuka kuliko semina zote za mazingira tulizokalishwa. Msimamizi wetu alikuwa ametuagiza tubadilishe kila kitu, kila chumba. Nilimwelewa. Una vyumba 14 vya kumaliza kabla ya saa nane. Nani ana muda wa kushika taulo moja moja kuona ipi imekauka? Halafu mgeni akikuta taulo ina unyevu atalalamika mapokezi, na jina lako litaandikwa. Akikuta mpya wakati alitaka ile ya jana, mara nyingi hunyamaza. Kwa hiyo kadi ilisema hili, kitoroli kikafanya lile, na mgeni akaamini kitoroli.

Siku hizi naandika habari za utalii, na kila nikisoma utafiti kuhusu wageni na mazingira, jicho langu linakwenda bafuni. Utafiti unaotajwa sana ni wa Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius, uliochapishwa mwaka 2008. Walibadilisha maneno ya kadi tu. Iliyosema "tusaidie kutunza mazingira" ilipata asilimia 35.1 ya wageni waliotumia tena taulo. Iliyosema wageni wengi wenzako wanafanya hivyo ilipata asilimia 44.1. Katika jaribio lililofuata, kadi iliyowataja wageni waliolala katika chumba hicho hicho ilifika asilimia 49.3. Hii ya mwisho ilinichekesha. Mtu humjui, hujawahi kumwona, mmeshiriki godoro tu, lakini unamfuata! Ila kilichonigusa zaidi ni kwamba waliojaza hesabu za taulo walikuwa wahudumu wa vyumba. Maana yake kuna mtu alisimama kila asubuhi akaiangalia taulo kwanza kabla ya kuivuta. Sisi tungepewa fomu kama ile, nadhani mama wa miwani angeikuta taulo yake.

Shaka ya wageni nayo ni ya siku nyingi. Lile neno la Kiingereza la kuwakejeli wanaojipaka ukijani, yaani wanaojifanya kutunza mazingira, "greenwashing", lilitoka mwaka 1986 kwa Mmarekani Jay Westerveld, na kilichomkera kilikuwa kadi hizi hizi za taulo: hoteli zinaomba huruma ya mazingira, huku faida ikiwa ni bili ya kufulia.

Nilivyoona mimi, mgeni hapendi kuhubiriwa, lakini mpe kitu akione mwenyewe uone. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliofanyika katika hoteli sita za Uswisi. Waliweka kwenye bomba la mvua kidude kinachoonyesha maji na nishati unayotumia wakati unaoga. Nishati ya kuoga ikapungua kwa asilimia 11.4, na wageni wale hawakuwa wakilipia maji wala umeme. Hawakuahidiwa zawadi yoyote. Namba ilikuwa inapanda mbele ya macho yao, basi. Huko Norwe, Steffen Kallbekken na Håkon Sælen waliandika mwaka 2013 kuhusu hoteli zilizopunguza ukubwa wa sahani za bafe. Mabaki ya chakula yakashuka kwa karibu asilimia 20. Hakuna aliyenyimwa kurudi kuongeza.

Kulazimisha ni jambo jingine. Mnakijua kile kidude cha mlangoni, ukichomoa kadi umeme wa chumba unazimika? Ndani yake nimekuta kadi za biashara, kadi za maktaba, na siku moja kipande cha boksi la dawa ya meno kilichokatwa kwa ustadi wa fundi seremala. Mgeni anataka arudi akute ubaridi. Nilikuwa nakichomoa na kukiweka mezani. Jioni kimerudi pale pale. Tulishindana hivyo siku nne, na sikuwahi kumwona uso.

Nisisahau ile "usinisafishie chumba leo" inayotajwa kama wema kwa dunia. Kwetu ilimaanisha zamu kukatwa, halafu siku ya nne unakabidhiwa chumba chenye uchafu wa siku nne na dakika zile zile za kukisafisha. Hoteli inayotaka mgeni aamini ukijani wake ingeanza kwa kuulizia zamu hizo.

Mwezi uliopita nililala hotelini kwa kazi, siku tatu. Kadi ilikuwepo, maneno ya kawaida kabisa. Nikatundika taulo, na kwa uchokozi nikaiachia alama: doa dogo la poda ya uso kwenye pindo. Niliporudi jioni kitanda kimetandikwa, sinki linang'aa, taulo iko pale pale na doa lake, ila imenyooshwa kidogo ili ikauke vizuri. Kuna mtu aliishika, akaiangalia, akairudisha.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeshafika kwenye lifti nilipokumbuka kiyoyozi. Nikarudi kukizima.