Shangazi wa bibi harusi wako wapi?

Simu imenikumbusha leo picha rasmi za harusi ya Harry na Meghan, nikacheka peke yangu. Tarehe 19 Mei 2018, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza, saa nane mchana tumejazana saluni hapa Tanga na njaa zetu, macho yote Windsor. Gauni likatugawa. Fundi wetu wa nguo alidai limepwaya mabegani, wengine wakamrukia: ndiyo heshima hiyo!

Jumatatu zikatolewa zile rasmi, alizopiga Alexi Lubomirski. Baada ya futari zimeshazagaa WhatsApp. Mama akaikuza ile ya familia, akahesabu, akahesabu tena. Upande wa bwana harusi wamejaa, upande wa bibi harusi yuko Doria Ragland tu, mama mtu. "Jamani, hata shangazi mmoja?" Kwetu mpiga picha hurudi nyuma mpaka agonge ukuta, na bado kuna mashangazi wanakatwa nusu.

Kilichomtuliza ni shela. Mita 5, limetariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola, na letu ni lile la zambarau la milima ya Usambara.

"Kumbe tumo," akasema. "Hebu mtumie shangazi yako Lushoto."