Karatasi iliyobaki ndani ya kichwa cha treni

Jumamosi iliyopita tulifanya zoezi la dharura, sisi wa reli pamoja na wenzetu wa zimamoto. Tulijifanya kwamba treni ya mizigo imeacha njia na behewa moja la tangi linavuja klorini, gesi yenye sumu. Kazi yangu ilikuwa kushika saa. Gari la kwanza la zimamoto lilifika dakika ya 9, nikafurahi. Kiongozi wao akashuka na kuuliza, "Mmebeba nini?" Jibu lilimfikia dakika ya 31.

Dakika hizo 22 zimeninyima usingizi wiki nzima. Orodha ya mabehewa, ile inayoonyesha kila behewa liko la ngapi na limebeba nini, ilikuwepo. Nakala moja ilikuwa ndani ya kichwa cha treni, nacho kwa mujibu wa zoezi kilikuwa kimemezwa na gesi. Nyingine ilikuwa kwenye kompyuta ya chumba cha kuongozea treni, ila kijana wa zamu hakuwa na simu ya kiongozi wa zimamoto. Akapiga ofisini. Siku ya Jumamosi, nani apokee?

Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu. Haipai ikapotea, hutambaa chini na kujaa mitaroni na mabondeni. Kule Graniteville, South Carolina, Marekani, tarehe 6 Januari 2005, treni iliingia njia ya pembeni kwa sababu reli za kubadilishia njia hazikurudishwa mahali pake. Ikagonga treni iliyoegeshwa, tangi la klorini likapasuka, watu 9 wakafa. Zimamoto anayekwenda mahali kama hapo bila kujua kuna nini hajui hata gari alisimamishe wapi. Ikiwa ni petroli, atahofia cheche. Ikiwa ni klorini, atataka mtungi wa hewa mgongoni na kusimama mahali palipoinuka, upande ule mabaharia wanaouita joshini, upepo unakotokea.

Wengi huniuliza, si kuna vibao vya namba kwenye matangi? Vipo, na ni msaada mkubwa: 1017 ni klorini, 1005 amonia, 1203 petroli. Lakini behewa likilala ubavu usiku, kibao kiko chini au kimeungua, utakisoma vipi? Treni ilipoacha njia East Palestine, Ohio, Februari 2023, wachunguzi walikuta kwamba taarifa za mzigo zilichelewa kuwafikia zimamoto. Beringi ya gurudumu ndiyo iliyopata moto pale, kama ilivyokuwa kwa treni iliyoacha njia Mississauga, Kanada, mwaka 1979. Mississauga waliondoa watu zaidi ya 200,000 majumbani mwao na hakuna aliyekufa. Huwa nalirudia tukio hilo kwa kila mfanyakazi mpya.

Tangu Jumatatu, namba ya zamu ya zimamoto imebandikwa mezani kwenye chumba cha kuongozea treni, na orodha inatumwa kwao kabla treni haijaondoka. Madereva nimewaomba karatasi ikae mfukoni, isiwekwe kwenye droo, ili mtu akilazimika kukimbia akimbie nayo. Mmoja alinijibu kwamba mfukoni italowa jasho. Nimemtafutia mfuko wa plastiki.

Mwezi ujao tunarudia, usiku, na aliye zamu hataambiwa. Safari hii nataka jibu kabla gari la zimamoto halijafika.