Nyota ngeni ya M101

Habari ilinifikia Mikindani kwa simu: tarehe 19 Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani, mwanaastronomia wa ridhaa aliyekwisha kugundua supanova nyingi, yaani nyota zinazolipuka, alikuwa ameona nyota ngeni kwenye galaksi ya M101. Nilikuwa na picha ya galaksi hiyohiyo niliyoipiga mwaka uliotangulia, kwa hiyo sikutaka kuonyeshwa ilipo. Nilitaka kuitafuta mwenyewe.

Kwa sisi wa kusini, M101 haipandi hata theluthi ya njia ya kwenda utosini. Hukaa chini upande wa kaskazini, karibu na mkia wa kundi la nyota la Dubu Mkubwa, na mwezi huo ilifika kimo chake cha juu kabisa mnamo saa nne na nusu usiku. Mwezi mchanga ulikuwa umeshazama, taa za Mtwara mjini ziko nyuma yetu, lakini kusi lilishaanza na darubini ikawa inatikisika. Mjomba wangu, mvuvi, akaleta tanga kuukuu, tukalifunga kati ya minazi miwili kukinga upepo.

Nikapiga picha nyingi fupifupi, nikaziunganisha kwenye kompyuta, kisha nikaionyesha ya zamani na mpya kwa zamu. Kwenye mkono mmoja wa nje wa galaksi, doti moja ikawa inawaka na kuzimika.

“Ile pale!” mjomba akasema kabla yangu.

Sikukubali upesi. Huenda ni hitilafu ya kamera. Nikaisogeza darubini kidogo na kupiga upya, doti ikahama pamoja na nyota. Huenda ni asteroidi, mwamba unaolizunguka Jua, inapita zake. Tukasubiri kama saa moja, haikusogea hata kidogo. Uhakiki huu ndio ninaoupenda kuliko kazi zote za usiku. Moyo ulinidunda, maana kila jaribio liliiacha palepale.

“Kwa hiyo imezaliwa juzi?”

“Imekufa, mjomba. Nyota kubwa mno, kiini chake kimeporomoka. Tena si juzi, ni kama miaka milioni 21 iliyopita. Nuru yake ndiyo imetufikia sasa.”

Akaitazama tena doti ile.

“Itaonekana mpaka lini?”

“Miezi kadhaa, ila itafifia.”

“Basi tanga liache hapohapo.”

Likakaa mpaka Juni. Kila anga lilipotakata nilipima mwangaza wake kwa kuulinganisha na nyota za jirani, na mjomba akishika tochi nyekundu niandike.