Mtu wa Usalama mwisho wa reli: kazi kubwa ni kuandika

Hapa Kigoma, mtaani Mwanga au Ujiji, ukimtaja mtu wa Usalama, watu wanawaza miwani myeusi na bastola kiunoni. Wengine wanamwita shushushu, tena kwa sauti ya chini. Lakini sehemu kubwa ya siku ya afisa usalama wa wilaya inaishia mezani: anaandika taarifa, anasoma za wenzake, anarudisha iliyoandikwa vibaya. Asiyeweza kuandika aya moja iliyonyooka hafai kazi hii, hata awe jasiri namna gani.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Idara ya Usalama wa Taifa ilifanya kazi miaka mingi bila sheria yake yenyewe, mpaka Bunge lilipoitungia mwaka 1996, ikafanyiwa marekebisho 2023. Sheria ya 1996 iliweka kazi ya msingi: kukusanya habari, kuzichambua, kuishauri serikali. Iliweka pia katazo ambalo wananchi wengi hawalijui. Si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano halali au amepinga jambo linalohusu katiba, sheria au serikali. Linafuatwaje, huo ni mjadala wake. Afisa anayejiheshimu analijua bila kufungua kitabu.

Mkoani yuko afisa usalama wa mkoa (RSO), wilayani afisa usalama wa wilaya (DSO). Wote wanaingia Kamati ya Usalama, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa au Mkuu wa Wilaya, pamoja na polisi na vyombo vingine. Mwenyekiti ana ajenda nyingi na muda mchache, kwa hiyo taarifa ya kurasa sita haisomwi. Ya nusu ukurasa inasomwa, alimradi sentensi ya kwanza iseme nini kimetokea, ya pili iseme kina maana gani kwa mkoa, ya tatu iseme nini kitarajiwe.

Kigoma si kituo rahisi. Kaskazini kuna Burundi, ng'ambo ya ziwa kuna Kongo, kambi za wakimbizi zimekuwepo Nyarugusu na Nduta, na Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 600. Huwezi kulinda ufukwe wote huo kwa macho. Unachoweza ni kujua hali ya kawaida ikoje, ili isiyo ya kawaida ijitokeze yenyewe. Chukua wavuvi wa dagaa. Wanatoka usiku wa giza, kwa sababu taa zao ndizo zinazovuta samaki. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi na vyombo vinapumzika ufukweni. Afisa mgeni akiona taa mia ziwani anashtuka na kupiga simu. Mwenyeji hashtuki, anashtushwa na boti moja inayotoka bila taa usiku wa mbalamwezi, kwa kisingizio cha uvuvi. Hata hiyo peke yake haithibitishi kitu. Ni sababu ya kuuliza tu.

Lugha nayo inawapoteza wageni. Kiha na Kirundi vinaelewana kiasi kwamba mtu wa Buhigwe anaongea na jirani wa upande wa pili bila mkalimani. Afisa anayeandika "ni raia wa Burundi, lafudhi yake inaonyesha" ameandika ubashiri. Aliyeiva anauliza mambo yanayoweza kukaguliwa: shule ya msingi ipi, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa nani, mnada ni siku gani. Kisha anatuma mtu kuhakiki.

Kila habari inayoingia hupewa alama mbili. Herufi, A hadi F, inapima chanzo. Namba, 1 hadi 6, inapima habari yenyewe. A ni chanzo kisichowahi kukuangusha. E ni cha kutoaminika. F hakipimiki, mara nyingi kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza kuleta kitu. Namba 1 ni habari iliyothibitishwa na vyanzo vingine huru, 5 haielekei kuwa kweli, 6 haipimiki. Makosa ni yaleyale kila mahali. Vijana wanadhani F ni mbaya kuliko E, wanaitupa habari ya mtu mpya ambayo ingeokoa watu. Au wanaburuza namba ifuate herufi: mzee anaaminika, basi kila alichosema ni 1. Mzee wa A anaweza kukuletea porojo aliyoisikia kwenye boti, na hiyo ni A6.

Kosa baya zaidi ni mwangwi. Taarifa zinakuja kutoka Kibirizi, Katonga na Ujiji, zote zinasema jambo moja, na mchambuzi anafurahi kuwa limethibitishwa mara tatu. Ukichimba unakuta wote watatu wamemsikia abiria mmoja aliyeshuka asubuhi. Dawa yake ni swali la "umejuaje?", na jibu lake liandikwe kwenye taarifa: ameona mwenyewe, ameambiwa na nani, au anakisia. Taarifa isiyo na mstari huo irudishwe.

Anayetaka kuona kazi hii inavyoharibika asome vita ya kwanza ya dunia hapa hapa ziwani. Desemba 1915 Wajerumani wa Kigoma walimtuma Luteni Job Rosenthal kuchungulia upande wa Kongo, karibu na mto Lukuga. Aliogelea usiku hadi karibu na ufukwe, akaona njia za kushushia boti, akaelewa kuwa Waingereza wanaandaa boti zao Mimi na Toutou. Aliporudi majini hakuiona meli iliyomleta, akakamatwa. Akiwa mateka alifanikiwa kupeleka barua Kigoma, na ndani yake aliongeza ujumbe wa siri alioandika kwa mkojo. Barua ilifika. Ujumbe ule ulikuja kugunduliwa miezi baadaye. Wakati huo meli ya Wajerumani Kingani ilikwisha kutekwa, tarehe 26 Desemba, na nyingine yao, Hedwig von Wissmann, ilikwisha kuzamishwa tarehe 9 Februari 1916.

Rosenthal alifanya sehemu yake, kilichokosekana ni upande wa mpokeaji. Wino wa siri hauna faida kama aliyeko ofisini hajui kuwa autafute. Makubaliano hufanywa kabla ya safari: neno gani kwenye barua linamaanisha "pasha karatasi moto".

Waingereza nao walikosea kwa namna yao. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, ilikuwa na mzinga mkubwa wa milimita 105. Baadaye mzinga uliondolewa kupelekwa kwenye mapigano ya nchi kavu, ukawekwa wa bandia, na kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson, akaendelea kuikwepa meli ile. Ndiyo maana kila taarifa inapaswa kubeba tarehe mbili, siku jambo lilipoonekana na siku lilipoandikwa. Mzinga uliokuwepo mwaka jana usiandikwe kama upo.

Miaka hamsini baadaye, Aprili 1965, mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Kongo na wapiganaji wa Cuba, kuwasaidia waasi. Wacuba walipewa majina ya namba za Kiswahili: Moja, Mbili, naye akawa Tatu. Kwa maoni yangu lilikuwa chaguo bovu. Jina la siri lisibebe maana yoyote, na namba inasema ziko nyingine kabla na baada yake. Kilichowafichua lakini si majina. Mwishoni mwa Juni waliposhambulia Front de Force, kituo cha umeme kilicholindwa na jeshi, wenzao wanne waliuawa, na daftari la kumbukumbu lililopatikana hapo likawaonyesha maadui kuwa Wacuba wapo. Kabla ya kutoka, mifuko ya kila mtu ikaguliwe na mtu mwingine. Mwenyewe hujisahau.

Hela za watoa habari zina mitego yake. Ukilipa kwa kila habari, utaletewa habari kila wiki, hata wiki ambayo hakuna kilichotokea. Afadhali nauli na posho ndogo isiyobadilika, na nyongeza pale habari ilipohakikiwa. Malipo yana stakabadhi ya jina la siri, na maafisa wawili wanasaini. Anayelipa peke yake bila karatasi hata akiwa msafi hana pa kujitetea.

Na habari si za maadui tu. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walijazana Kagunga, kijiji ambacho wakati ule hakikufikika kwa gari, kipindupindu kikazuka, na Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma mjini. Swali la maana kwa kamati wakati kama ule ni wangapi watavuka wiki ijayo, wanakunywa maji gani, na meli inarudi lini.

Uhamisho huja kwa barua, na hapo ndipo vyanzo vingi hupotea. Faili hukabidhiwa kwa saa chache, mtu hakabidhiwi hivyo. Mara ya kwanza wakae watatu: afisa anayeondoka, anayeingia na chanzo. Mara ya pili anayeondoka asiwepo. Akishafika kituo kipya asipokee tena simu za chanzo yule, amwelekeze kwa mwenzake, hata kama wamezoeana miaka kumi.