Nilivyopeleka utafiti wangu kijiweni baada ya kuumbuka ukumbini

Siku hizi nikikaa na watu wa chuo lazima mmoja aniulize, "Hivi wale watu wa Tandale wanaojaa kijiweni kukusikiliza uliwapataje?" Anauliza kwa sauti ya mtu anayeamini kuna bahasha ilipita. Haikupita. Ngoja niseme yote mara moja, pamoja na ile aibu ya mwanzo, maana nikiiruka mtadhani nilizaliwa na akili.

Mimi nasoma mbu. Wanataga wapi, wanataga lini, kwa nini pipa hili na si lile la jirani. Utafiti wangu niliufanya Tandale, hapa Dar es Salaam, karibu mwaka mzima, naingia kwenye nyua za watu na kichujio na chupa, watoto wakiniita Dada Mbu. Nilipomaliza nikaona si haki kuchota maji ya watu muda wote huo halafu matokeo yaende kulala kabatini. Nikasema nitayarudisha kwa wenyewe.

Kosa la kwanza ni kuomba ushauri. Kuna mtaalamu mmoja wa mawasiliano, simtaji, alinipa mambo matano: ukumbi, bango, mgeni rasmi, projekta, na "rahisisha, ongea nao kama unaongea na mtoto wa darasa la tatu". Nikafuata yote matano kama dozi.

Ukumbi nikapata. Bango nikalitengeneza kwa rangi mbili, nikalibandika madukani na kwenye ubao wa serikali ya mtaa: MHADHARA WA WAZI, WOTE MNAKARIBISHWA. Chini yake, kwa herufi ndogo, ndiyo habari za utagaji wa mbu.

Mtu aliyekulia Dar ameshajua nilipoharibu. Na mimi nimekulia Magomeni! Utotoni nimesimama pembeni ya viwanja nikisikiliza mihadhara ya dini, huyu anafungua kitabu chake, yule anajibu kwa aya, umati unashangilia kama goli limeingia. Lakini ukikaa chuoni miaka kadhaa neno "mhadhara" linabaki na maana moja tu, ya mtu kusimama mbele akaongea peke yake.

Siku ikafika. Viti vilikuwa 120. Waliokuja: mama yangu mdogo na binamu zangu watatu (hao niliwatumia nauli), mwenzangu wa maabara, mlinzi wa jengo, akina mama wawili waliosikia kuna mikopo ya vikundi, na wazee wawili waliokaa mstari wa mbele kabisa, mmoja ana Biblia mapajani, mwenzake ana mkoba umejaa vitabu hadi zipu haifungi. Kumi. Nimewahesabu mara nyingi mno, kwa sababu mgeni rasmi alichelewa saa moja na nusu na sikuwa na kazi nyingine.

Alipofika akahutubia dakika hamsini. Barabara, ulinzi shirikishi, vijana waache kukaa vijiweni. Akasema ana majukumu mengine, akaondoka na msafara wake na soda walizokuwa bado hawajafungua. Nikawasha projekta. Picha ya kwanza ikatokea, umeme ukakatika.

Nikabaki gizani na ushauri namba tano. Nikaanza: "Mbu ni mdudu mdogo mwenye mabawa mawili na miguu sita..." Mama mmoja wa mikopo akanikatiza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbu tunawajua. Tunaishi nao." Mwenzake akauliza kama fomu zitatolewa leo au Jumatatu. Na mzee wa mkoba akanyoosha mkono, akasubiri nimruhusu, akauliza: "Mhadhiri, samahani. Mwenzako wa upande wa pili yuko wapi?"

Gharama ya siku ile ilikuwa laki tatu na kitu. Sijawahi kujumlisha vizuri, kwa makusudi.

Yule mzee ndiye aliyeniokoa. Tulipotoka akanishika mkono hadi kijiwe cha kahawa cha jirani, akaninunulia kikombe na kashata, akaniambia: "Binti, maneno unayo. Ila umekuja bila mpinzani. Mtu mmoja akiongea peke yake, watu wanakwenda kumsikiliza wa nini?" Nililala nalo neno hilo. Miaka yote nimeambiwa watu wa mtaani hawapendi sayansi, kumbe hawapendi mchezo wenye timu moja.

Kwa hiyo nikamtafuta mpinzani. Nikaona mpinzani ni wao wenyewe.

Barua za mtendaji na mwenyekiti sizielezi, kila mtu anajua. Ila siku chagua kwa kuangalia ratiba ya ligi kwanza, kalenda ya chuo baadaye. Yanga ikicheza usijisumbue. Simba ikicheza, vilevile. Nilichagua Jumamosi tupu, saa kumi na moja jioni, kijiwe kilekile. Wazee walikuwa kwenye drafti, vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao.

Nilibeba chupa nne tupu za asali, mdomoni nimefunika kipande cha chandarua na raba bendi, na kila moja ina namba. Ndani kulikuwa na maji niliyoyachota asubuhi humo humo mtaani: ya kwanza kutoka mtaro mweusi unaonuka, ya pili kutoka tairi bovu la fundi pancha, ya tatu kutoka pipa la maji safi ya nyumbani, ya nne kutoka dimbwi dogo kati ya matuta ya mchicha bondeni. Zote zina viluwiluwi wanaocheza. Nikaziweka katikati ya benchi, nikaagiza kahawa, nikanyamaza. Hapa ndipo nilipokuwa mjanja, niruhusuni nijisifu. Sikujitambulisha wala kusalimia umma. Nilikunywa kahawa yangu tu.

Dakika mbili hazikupita. "Dada, hiyo ni dawa?"

Nikasema si dawa, ni dau. Chupa zote zimetoka mtaa huu. Atakayenionyesha chupa yenye mbu wa malaria, nawanunulia kahawa kijiwe kizima. Mkikosa, mtanisikiliza mpaka birika liishe.

Drafti ikasimama. Katikati ya mchezo! Mtu alikuwa karibu kupata kingi, akaiacha. Wakabishana robo saa, wamewasha tochi za simu, na mwisho wakakubaliana kwa kauli moja kama baraza la mawaziri: namba moja, ya mtaro. Uchafu huzaa malaria, hilo hata mtoto anajua.

Nikawaambia waangalie vizuri wanavyopumua. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria, Anopheles, hana mrija wa kupumulia mkiani, kwa hiyo hulala bapa chini ya uso wa maji kama kijiti. Wa mtaro wananing'inia kichwa chini, mkia juu: hao ni Culex, wale wanaoimba masikioni usiku, ambao huku pwani ndio wanaoeneza matende. Wa tairi na wa pipa nao wananing'inia, lakini hao ni Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, mwenye homa yake ya dengue. Waliolala bapa walikuwa kwenye chupa ya mchicha tu. Kimya kikapita, halafu mzee wa drafti akasema, "Basi mchicha umetuuza," na kijiwe kikalipuka.

Wakalipa kwa kunisikiliza, ingawa kusikiliza kwao ni kukukatiza kila sentensi ya pili. Ndivyo nilivyotaka. Dengue ilipoibuka Dar 2014, na tena 2019, wengi wao waliugua au kuuguza, wakameza dawa za malaria bila kupima. Wengine walitumia diklofenaki kwa yale maumivu ya viungo, nayo kwenye dengue inaongeza hatari ya kutoka damu. Inayoshauriwa ni paracetamol. Hapo hakuna aliyecheka.

Mlinzi mmoja akaniuliza: kama huyo wa dengue anauma mchana, vyandarua mnatugawia vya nini? Swali hili kwenye ukumbi wenye projekta lisingeulizwa. Nikamjibu chandarua ni cha Anopheles anayeuma usiku, na kwa Aedes, anayechachamaa asubuhi na kabla ya jua kuzama, kinamfaa zaidi anayelala mchana: mtoto mchanga, mgonjwa... Kabla sijamaliza akadakia, "Na mimi!" Analinda usiku, analala mchana, na chandarua chake amekitundika kwa ajili ya usiku ambao hayupo kitandani. Mwaka mzima wa utafiti sikuwahi kufikiria walinzi.

Sasa balaa. Nilikuwa nimeapa kutotaja chupa ipi ni ya nani. Nilikuwa naeleza kwamba jike la Aedes hugandisha mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukauka miezi kadhaa kisha yakaanguliwa maji yakirudi, kwa hiyo kumwaga hakutoshi, lazima usugue. Mtoto mmoja akapaza sauti: "Namba tatu ni pipa la Babu Kahawa! Nilimwona dada akichota!"

Vikombe vyote vikasimama hewani. Kweli lilikuwa lake. Aliniruhusu mwenyewe asubuhi, lakini hakujua ningeyaleta mbele ya wateja wake. Alinitazama kwa macho ambayo bado nayaota. Nikaeleza kwamba maji yakichemka vizuri hakuna kiluwiluwi anayebaki hai na kahawa haina neno, lakini sayansi haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kwamba nilikunywa vikombe vitatu mfululizo mbele yao, vichungu, bila kashata. Usiku ule sikulala hata dakika. Jumatatu nikamnunulia mfuniko wa pipa. Kama utafanya hivi, tafadhali chota maji mbali na anayekuuzia kinywaji.

Jumamosi ya pili walikuwa wengi kuliko benchi. Nilizungumzia chikungunya, ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbu, na hapo nilitegeshewa mimi. Jina hilo ni la Kimakonde, lina maana ya kujikunja, kwa namna mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo, na ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 huko uwanda wa Makonde. Nikalitamka kama tunavyolitamka chuoni. Mzee mmoja Mmakonde akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Nilirudia mara tano, kijiwe kikihesabu, kabla hajaridhika. Dunia nzima inalikosea neno lake na alikuwa hajawahi kupata mtu wa kumsahihisha.

Halafu kijana wa bodaboda akauliza: "Mbu akinyonya damu ya mlevi, analewa?" Wakamzomea vibaya sana. Mimi nikasema sijui, sijawahi kumpima. Wakageuka kunizomea mimi: msomi gani hajui?

Ndipo nikawapa habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake, akawahi nafasi kwenye friji kwa kuingiza maziwa yakiwa ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akaja Denis Osborne wa chuo kikuu cha hapa Dar kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza kwa nini maji ya moto yanawahi kuganda. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, akarudi Dar akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya jambo hilo, na wanaliita kwa jina la Mpemba.

Yule kijana wa bodaboda alikaa wima kama amevishwa nishani. Na mama muuza barafu za ubuyu, aliyekuwa anapita tu, akasema friji analo, tujaribu. Tumejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ya baridi ilishinda, mara ya pili ya moto. Sasa kijiwe kina timu mbili, na kuna watu hawasalimiani.

Mtaniuliza gharama. Kahawa, kashata, nauli, mfuniko wa pipa: haifiki 50,000 kwa Jumamosi zote, labda kidogo zaidi ukihesabu ubuyu. Posho aliomba mtu mmoja, wenzake wakamwambia anywe kahawa anyamaze. Mwenyekiti alikuja mara ya tatu, akasimama nyuma na kikombe chake, akapoteza dau kama wengine.

Wenzangu wameanza kuomba zamu. Daktari mmoja alileta kipimo cha presha na kuwabashiria nani presha yake iko juu kwa kumtazama tu, akakosea vibaya, wakampenda hapo hapo. Jumamosi ijayo ni mtu wa historia, ataeleza daktari Mjerumani Robert Koch alivyotafiti malaria humu humu Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Nimemwambia vizuri: njoo mikono mitupu, njoo na kitu cha kubishania. Jana usiku kanitumia ujumbe anauliza kama kijiweni kuna soketi ya projekta.